Nani Aliyepewa Sauti? Uhakiki wa Toleo la Kwanza la The Dark Knight Returns

Wahakiki wa fasihi katika vyuo vyetu wamezoea kuziacha katuni mikononi mwa watoto na wauza magazeti. Ushairi una wahakiki wake, na riwaya na tamthilia vivyo hivyo. Lakini hadithi ya picha huhesabiwa kuwa kitu cha kupotezea wakati safarini. Mazoea haya yana hasara yake. Vijana tunaowafundisha husoma hadithi hizo kwa hiari yao, pasipo kulazimishwa na mtihani, na kwa hiyo huzipokea bila ya ule ukaidi wanaouonyesha wanapopewa kitabu cha darasani. Jambo lipokelewalo kwa moyo mweupe namna hiyo lastahili kuchunguzwa kwa makini zaidi, wala si kwa makini haba.

Makala haya yanakusudia kulichunguza toleo moja tu, nalo ni la kwanza katika mfululizo wa matoleo manne uitwao The Dark Knight Returns, uliochapishwa na kampuni ya DC Comics nchini Marekani mwaka 1986. Hadithi na michoro ni ya Frank Miller. Wino umetiwa na Klaus Janson, na rangi na Lynn Varley. Wengi wamelisifu toleo hili kwa ufundi wa picha zake, na sifa hizo ni za haki. Swali letu hapa, hata hivyo, ni la lugha zaidi kuliko la michoro. Katika hadithi hii ya mtu anayejichukulia sheria mkononi, ni nani aliyepewa sauti, na ni sauti ya namna gani?

I. Asili ya Kazi Hii

Batman, yaani mtu-popo, alibuniwa na Bob Kane na Bill Finger, akatokea kwa mara ya kwanza mwaka 1939 katika toleo la 27 la Detective Comics. Kisa chake chajulikana: Bruce Wayne, mtoto wa tajiri, aliwashuhudia wazazi wake wakiuawa na mnyang'anyi barabarani, akaapa kuwaandama wahalifu maisha yake yote, akavaa vazi la popo ili kuwatia hofu. Mwaka 1954 wachapishaji wa katuni wa Marekani, wakiogopa hasira za wazazi na za wabunge, walijiwekea kanuni kali: uovu sharti ushindwe, na wenye mamlaka wasidharauliwe. Kisha kati ya mwaka 1966 na 1968 ukaja mchezo wa televisheni uliomfanya Batman kuwa kichekesho. Miller alimpokea mhusika akiwa na historia hiyo yote, akaamua kumrudisha gizani.

Hata umbo la kitabu lilitangaza nia hiyo. Karatasi zilikuwa nzito, kurasa zilikaribia hamsini, na bei ilikuwa dola 2.95, wakati katuni ya kawaida ya kampuni hiyo iliuzwa kwa senti 75. Msomaji aliyelengwa hakuwa tena mtoto mwenye sarafu mfukoni, bali mtu mzima mwenye hofu za mtu mzima.

Hofu hizo zilikuwa na mahali pake na wakati wake. Gotham, mji wa Batman, ni jina la utani la New York tangu karne ya 19, na New York ya miaka ya 1980 ilikuwa mji ulioogopa mitaa yake. Tarehe 22 Desemba 1984 mzungu mmoja aitwaye Bernhard Goetz aliwapiga risasi vijana wanne weusi ndani ya treni ya chini ya ardhi, akidai kwamba walitaka kumnyang'anya. Wote walinusurika, ila mmoja alipooza. Wako waliomwita Goetz shujaa, na wako waliomwita muuaji mwenye chuki ya rangi. Na mwaka 1987 baraza la mahakama lilimwachilia katika mashtaka ya kujaribu kuua, likamtia hatiani kwa kosa la kuwa na silaha bila kibali tu. Kitabu cha Miller kilitoka katikati ya mabishano hayo. Hakimtaji Goetz, lakini kila ukurasa wake unalijua jambo hilo.

II. Muhtasari wa Kisa

Hadithi inaanza Bruce Wayne akiwa na miaka hamsini na mitano. Ni miaka kumi tangu avue vazi lake. Anaendesha magari ya mashindano kama mtu anayetafuta kifo cha heshima, anakunywa na rafiki yake Gordon, kamishna wa polisi anayekaribia kustaafu, kisha anatembea usiku hadi kichochoro walipofia wazazi wake. Mji umeshikwa na joto kali. Genge la vijana linalojiita Mutants linaua na kuiba. Wakati huohuo Harvey Dent, mhalifu wa zamani aliyekuwa na nusu ya uso iliyoharibika, anatolewa hospitalini akiwa ametengenezwa uso mpya kwa fedha za Wayne, naye daktari wa akili anayeitwa Wolper anathibitisha kwamba amepona. Saa chache baadaye Dent anatoweka.

Usiku mmoja Wayne anatazama televisheni, na filamu ya zamani ya Zorro inamrudisha katika usiku wa mauaji. Anabadilisha idhaa, na kila idhaa inamletea uhalifu mwingine. Popo anavunja kioo cha dirisha. Mvua inanyesha, joto linakatika, na Batman anarudi mitaani. Toleo linamalizika anapomkabili Dent, ambaye ametishia kuyalipua majengo mawili marefu ya mji.

III. Sauti ya Ndani na Sauti ya Nje

Ukurasa wa Miller hugawanywa mara nyingi katika visanduku kumi na sita vidogo, vinne kwa vinne. Katika vingi vya visanduku hivyo mna umbo la kioo cha televisheni, na ndani yake mtangazaji anatoa habari za joto, za mauaji na za mabishano. Jamii nzima ya Gotham, yaani serikali yake, madaktari wake na wananchi wake, inatufikia kwa njia ya kijisanduku hicho. Inasema sana, na kila mara inasema kutoka nje.

Sauti ya Wayne ni ya namna nyingine. Hiyo haimo katika viputo vya mazungumzo, bali katika maandishi ya pembeni yanayotupa fikira zake mwenyewe kwa sentensi fupi, kavu, zenye pumzi. Tunaisikia maumivu yake kabla ya kuyaona. Tunaijua hesabu anayoifanya kabla ya kila pigo. Kwa hiyo tunapomwona akimvunja mtu kiungo, sisi tumo ndani ya yule avunjaye, na yule avunjwaye tunamwona kwa mbali.

Yafaa tuitazame zaidi sauti hiyo ya ndani, kwa maana si ya Wayne peke yake. Ndani yake mna kitu kingine kinachomsemesha, kinachomdhihaki kwa uzee na woga wake, kinachodai kutolewa nje. Msomaji wa pwani hatakosa neno la kukiita: ni pepo, naye Wayne ni kiti chake. Lakini katika uganga wa pepo tunaoufahamu sisi, pepo akishampanda mtu hupungwa mbele ya watu. Hupigiwa ngoma, huulizwa jina lake na atakalo, na watu huafikiana naye. Jamii hulibeba pamoja tatizo la mmoja wao. Pepo wa Wayne hakuulizwa jina na mtu yeyote. Anazungumza na kiti chake tu, usiku, katika nyumba kubwa ambamo hamna mwingine ila Alfred, mtumishi mzee mwenye kejeli. Upweke huo ndio kiini cha msiba wa hadithi hii, na Miller ameuchora kwa ustadi mkubwa. Mauaji ya wazazi yameonyeshwa kwa visanduku vidogovidogo visivyo na neno hata moja, mkufu wa lulu ukikatika na lulu zikitawanyika. Hapo ukimya unasema kuliko watangazaji wote.

Sasa tuwageukie Mutants. Hawa wamevishwa miwani myembamba inayoficha macho, na wamepewa lugha ya mtaani aliyoibuni Miller mwenyewe. Hatuonyeshwi nyumba zao, wala mama zao, wala njaa yao. Hawana maandishi ya pembeni. Kila wanapofungua kinywa, lugha yao yenyewe inatosha kuwa ushahidi wa hatia yao. Hila hii sisi walimu wa lugha tunapaswa kuitambua upesi, kwa kuwa tunaishi nayo. Mara ngapi tumesikia kijana wa Eastlands akidhaniwa kuwa mwizi kwa sababu tu anasema Sheng? Mwandishi anapotaka tusimhurumie mhusika, njia iliyo rahisi kuliko zote ni kumnyima lugha ya fikira na kumwachia lugha ya kelele.

IV. Mzani Uliopotoshwa

Mtetezi wa Miller anaweza kusema: lakini kitabu hiki kimejaa mabishano! Ni kweli. Mara tu Batman anaporudi, televisheni inawaleta wanaomtetea na wanaomlaani. Je, huo si uadilifu?

Tutazame jinsi hoja zilivyogawiwa. Anayesema kwamba mhalifu anaweza kurekebishwa ni Wolper, ambaye mgonjwa wake amekwisha kutoroka. Raia mmoja anayehojiwa anatetea kwa maneno mazuri haja ya kuwarudisha wahalifu katika jamii, kisha anamaliza kwa kusema kwamba yeye mwenyewe hawezi kamwe kukaa mjini. Ni dhihaka kali, na inachekesha. Tena dhihaka hiyo inawapata pia baadhi ya wanaomsifu Batman, kwa kuwa mmoja wao anatamani awashambulie watu ambao kosa lao ni kuwa tofauti naye. Kwa hiyo Miller hakuegemea upande mmoja wa mabishano. Alichokidharau ni kubishana kwenyewe. Anayezungumza katika kitabu hiki huonekana mpumbavu au mnafiki, na anayetenda huonekana mkweli. Msomaji akishazoezwa hivyo kwa kurasa arobaini, atamwona hakimu, wakili na mbunge kuwa watu wa maneno tu, na ngumi ataiona kuwa ndiyo hoja pekee isiyosema uongo.

Tuchukue tukio moja. Jambazi amekatwa na vioo vya dirisha, anavuja damu, na Batman amesimama juu yake akimtaka aseme anachokijua. Jambazi anapiga kelele kwamba ana haki zake. Batman anamjibu kwa kejeli kwamba ni kweli anazo nyingi, kisha anamkumbusha kuwa damu inamtoka na kwamba yeye ndiye mtu wa pekee awezaye kumfikisha hospitali kwa wakati. Msomaji wa Kiingereza anacheka. Anacheka kwa urahisi kwa sababu lugha yake ina maneno mawili: moja la haki anayoidai mtu kwa kuwa ni mtu, na jingine la haki inayotendeka mwovu anapolipwa kwa uovu wake. Maneno hayo mawili yanaweza kugombanishwa, la kwanza likaonekana ni kisingizio cha wahalifu na la pili likawa ndilo shabaha ya shujaa.

Ukilitia tukio hilo katika Kiswahili, kicheko kinakwama kooni. Sisi tuna neno moja tu. Haki ya jambazi na haki ya maiti aliyeachwa na jambazi zinaitwa kwa jina moja, na mtu hawezi kuidhihaki ya kwanza bila kuitia doa ya pili. Sisemi kwamba Waswahili ni waadilifu kuliko watu wengine, tungejidanganya. Nasema kwamba kuna jambo ambalo lugha ya awali ya kitabu hiki inaruhusu lipite kimyakimya, na ambalo mfasiri wa Kiswahili angelazimika kulitazama usoni.

Liko pia suala la tabaka. Batman ni tajiri. Gari lake la vita, pango lake na wakati wake wa usiku vyote vimelipiwa na urithi wa Wayne, na hata uso mpya wa Dent umenunuliwa kwa fedha zizo hizo. Watu wanaokaa katika mitaa anayoipigania wanaonekana wakikimbia, wakilia au wakiokolewa. Hawaonekani wakikutana, wakichagua, au wakiamua lolote. Mji wa mamilioni ya watu unangoja mtu mmoja aamke usingizini.

V. Kioo cha Mwisho

Lau toleo lingemalizika kabla ya kurasa zake za mwisho, tungelihukumu kuwa ni propaganda iliyochorwa vizuri. Lakini zipo kurasa hizo.

Batman anamkamata Dent, na Dent anauonyesha uso wake uliotengenezwa. Ni mzima pande zote mbili. Dent mwenyewe haoni hivyo. Anajiona ameharibika uso mzima, na anasema kwamba sasa angalau pande zake zimelingana. Daktari alimponya upande ulioonekana, na upande usioonekana ukameza uliosalia. Batman anamtazama, na kwa mara ya kwanza katika toleo zima anamwona mtu mwingine kwa ndani: anachokiona ni sura yake mwenyewe kiooni.

Hapa Miller amekuwa mwaminifu kuliko hadithi yake. Kama Dent ni kioo cha Wayne, basi kule kurudi kwa shujaa tulikokushangilia chini ya radi na mvua ni ugonjwa uleule, na sauti ya ndani tuliyoiamini kurasa zote hizo ni sauti ya mtu ambaye hajapona. Toleo la pili linaithibitisha shaka hiyo, pale baadhi ya vijana wa genge wanapojiita wana wa Batman na kuanza kuua kwa jina lake. Mbegu yake, hata hivyo, imo katika ukurasa huu. Kosa la Miller ni kwamba ameichelewesha mno, na ameitia katika kinong'ono baada ya kelele nyingi. Msomaji mwenye haraka ataikumbuka radi, na kioo atakisahau.

VI. Kwa Msomaji Wetu

Fasihi ya Kiswahili inayo hadithi yake ya upelelezi. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetokea katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, hufumbua mauaji kwa kuwaza na kuuliza. Kazi yake inakwisha ukweli unapojulikana. Willy Gamba wa Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974, anapiga na kuua, lakini ni mtumishi wa serikali, na nguvu zake zina mwenyewe anayeweza kuulizwa. Hata Lance Spearman, shujaa wa hadithi za picha za magazeti ya African Film yaliyosomwa sana Afrika Mashariki, alifanya kazi bega kwa bega na polisi. Batman wa Miller anaanzia pale Bwana Msa anapoishia, na hana mwenyewe.

Hii haina maana kwamba kujichukulia sheria mkononi ni jambo geni kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa Usukuma na Unyamwezi, waliochoshwa na wizi wa ng'ombe, waliunda sungusungu. Hao hawakumngoja mtu mmoja. Walikutana, wakachagua viongozi wao na kutoka kwa pamoja na pinde zao. Mtu akishukiwa, palikuwa na baraza la kumsikiliza. Hata hivyo walishutumiwa kuwatesa na kuwaua watu, wakiwamo vikongwe waliosingiziwa uchawi, na hilo latufundisha kwamba wingi wa watu peke yake hauleti haki. Tena sote twajua kelele ya neno moja, mwizi, inavyoweza kumuua mtu katika soko la mji wetu wowote kabla hajatamka jina lake. Umati huo nao unaamini kwamba maneno ni ya wanafiki na mawe ndiyo ukweli. Haukufundishwa imani hiyo na Miller. Lakini msomaji anayetoka kwenye umati huo akaingia katika kitabu hiki atajikuta yuko nyumbani.

Ndiyo sababu nashauri kitabu hiki kisomwe darasani, wala kisipigwe marufuku. Kanuni za mwaka 1954 zilijaribu njia ya marufuku, na matokeo yake yalikuwa kuzilaza katuni za Marekani kwa miaka mingi. Tumpe mwanafunzi toleo hili, tumwache aonje ladha yake, kwa maana lina ladha. Kisha tumpe zoezi moja: amwandikie maandishi ya pembeni yule kijana mwenye miwani, kwa sentensi fupi na kavu kama alizopewa Wayne, na kwa lugha ambayo kijana huyo angeitumia nafsini mwake. Ama picha hazitabadilika hata moja. Atakayelifanya zoezi hilo vizuri atakuwa ameuelewa ufundi wa Miller na ameuona mpaka wake.

Neno uhakiki na neno haki yametoka katika shina moja la Kiarabu. Mhakiki hawezi kumpa mtu haki yake mitaani, na hatudai hivyo. Awezalo ni kuangalia, katika kila hadithi inayopendwa na watu, ni nani aliyeruhusiwa kusema kabla ya kupigwa.